Nilipinduka mita 30 kabla ya kumaliza. Mwili umerudi majini, akili bado. Wenzangu mlifanyaje?

Mwana_wa_Tudor (Mombasa)

Hamjambo nyote. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimeandika haya mara tatu nikayafuta.

Mimi ni mpiga kafi wa C1, yaani mtumbwi wa mtu mmoja, mita 200. Kwa wasioujua mchezo huu, si kayaki, ule wa kukaa na kafi lenye bapa mbili. Sisi tunapiga goti moja ndani ya mtumbwi, mguu wa pili mbele, kafi lina bapa moja, na unavuta upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi navuta kushoto. Usukani hakuna, mwelekeo unaushika kwa kugeuza kafi kidogo mwishoni mwa kila mpigo. Mtumbwi una urefu wa mita 5 na kitu, uzito kilo 14, na ni mwembamba hivi kwamba asiyeuzoea hawezi kupiga goti ndani yake akahesabu kumi.

Nina miaka 23. Nilianza nikiwa na 15, hapa hapa Tudor. Babangu ni mvuvi, kwa hivyo kafi nililishika kabla ya kalamu, ila lile la mtumbwi wa mwembe, zito, la kufikia mitego. Siku hizi naingia majini saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka saa moja na nusu, naoga, napanda matatu kwenda Mwembe Tayari ninakouza vitambaa. Jioni mazoezi ya uzani mara tatu kwa wiki. Nimeishi hivyo miaka mitano.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa na mchujo wa timu. Nafasi mbili. Nilitoka vizuri, na kufika mita 170 nilikuwa wa pili, nyuma ya dada mmoja kwa nusu mtumbwi, na wa tatu yuko mbali. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga kutoka kulia. Kulia kwangu ndiko hakuna kafi, yaani hakuna cha kujishikia. Nikaulalia upepo kama tulivyofunzwa. Ukakatika ghafla, nikabaki nimelalia hewa. Nilipotoa kichwa majini wa tatu alikuwa ananipita, na nikamwona akigeuka kunitazama.

Timu ikaenda bila mimi. Wiki sita baadaye bega la kushoto likaanza kuuma nikinyanyua mkono. Miezi miwili nikakaa nchi kavu. Wakati huo huo mtu alikuwa ameweka video ya kuanguka kwangu, ikazunguka kwenye simu za watu hadi za jamaa zangu wa Malindi. Mjomba akampigia mama kusema huyu msichana amecheza na maji vya kutosha. Mama hakumjibu, na mimi hakuniambia lolote. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya mjomba.

Nimerudi tangu mwezi wa kwanza. Bega ni zima karibu kabisa. Lakini kila nikifika mita 150 mwili unakaza. Mkono wa juu unabana kishikio hadi vidole vinakufa ganzi, mapigo yanapungua, naanza kuusikiliza upepo badala ya kupiga. Hata siku ambayo maji ni kama kioo! Muda wangu bora ni sekunde 52.4. Sasa sishuki chini ya 55. Mchujo mwingine uko miezi minne na nusu mbele.

Watu wananiambia sahau. Nimejaribu kusahau miezi sita. Kuna aliyewahi kupitia hali hii? Ilimtoka vipi?

---

Kafi_Banook (Dartmouth, Kanada)

Mdogo wangu, pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Mtwapa, nimekuja huku Nova Scotia nikiwa msichana, na nimepiga C1 kwenye ziwa la Banook miaka tisa. Sasa nafundisha watoto wa miaka 12 hadi 16 hapa hapa. Nimesoma maneno yako nikiwa jikoni, chai ikapoa.

Nianze na hilo la kusahau, maana nalipinga. Mwaka 2010 ndio mashindano ya dunia yaliingiza C1 mita 200 ya wanawake kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, mwanamke wa kupiga goti hakuwa na pa kwenda. Wanaume walikuwa na Olimpiki tangu 1936, sisi tukaambiwa tukae kwenye kayaki. Mwaka ule kila mmoja wetu aliutaka kuliko chakula. Kwenye nusu fainali ya mchujo nikakosa fainali kwa sehemu nne za mia ya sekunde. Nne. Ukipepesa jicho zimepita.

Ziwa letu huganda majira ya baridi, kwa hivyo miezi ile tunavuta ergometa, mashine ya mazoezi, ndani ya nyumba, kamba na chuma, ukuta mbele ya uso. Nilivuta majira yote ya baridi nikiirudia nusu fainali ile kichwani. Siku moja kocha wangu akaniuliza: mpigo gani ulikuwa mbaya? Sikuweza kumjibu. Miezi minne naifikiria ile mbio usiku na mchana, na siwezi kumtajia hata mpigo mmoja. Aibu niliijua vizuri mno, mpigo siujui. Akanifungulia video, tukauhesabu mwanzo wangu pole pole. Kwenye mpigo wa tatu niliingiza kafi kabla bapa halijasimama sawa, likachota hewa. Basi. Hapo ndipo zilipotokea zile sehemu nne, na wala si kwenye damu yangu wala kwenye bahati yangu. Usiku ule nililala.

Kwa hivyo nakuuliza wewe: mpigo gani? Unasema upepo ulikatika ukabaki umelalia hewa. Sawa, lakini wengine walikuwa kwenye upepo ule ule. Sikuulizi kwa kukulaumu. Nakuuliza kwa sababu ukishaujua mpigo wenyewe, mita 150 itakuwa mahali pa kufanyia kazi fulani, si mahali pa kungojea msiba. Ile video inayokuumiza, umewahi kuitazama mwenyewe mpaka mwisho?

Na kwa kuwa umezungumzia kuanguka karibu na mstari: Isaquias Queiroz wa Brazil, mwaka 2014 kule Moscow, C1 mita 1000, fainali ya dunia. Alikuwa anaongoza. Mita chache kabla ya mstari akaanguka majini mbele ya dunia nzima, na medali ile ikapotea. Huyu ni mtu aliyepoteza figo moja akiwa mtoto. Miaka miwili baadaye, Rio 2016, akachukua medali tatu katika michezo hiyo hiyo, na Tokyo akapata dhahabu ya mita 1000, umbali ule ule uliomwangusha. Siku zote nawaonyesha watoto wangu ile ya Moscow kwanza, ndipo ya Tokyo.

Wa pili ni wa mchezo wako hasa. Laurence Vincent Lapointe wa hapa Kanada alikuwa bingwa wa dunia wa mita 200 mara nyingi. Mwaka 2019 kipimo kikaonyesha dawa iliyokatazwa, akasimamishwa, akayakosa mashindano ya dunia ya mwaka ule. Fikiria mtu kuamka na jina lake liko kwenye magazeti kama mdanganyifu. Januari 2020 akasafishwa, ikakubalika kwamba dutu ile ilimfikia mwilini kupitia kwa aliyekuwa mpenzi wake. Halafu michezo ya Tokyo ikaahirishwa kwa korona. Ilipofanyika 2021, wanawake wa C1 wakiingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia, alichukua fedha ya mita 200 na shaba ya mita 500 ya watu wawili akiwa na Katie Vincent. Aliyemshinda mita 200, Nevin Harrison wa Marekani, alikuwa na miaka 19, na aliingia mchezo huu kwa sababu nyonga yake ilimkataza kukimbia riadha. Na Harrison huyo huyo, Paris 2024, akaikosa dhahabu kwa sehemu moja ya mia: Katie Vincent 44.12, yeye 44.13. Sijui mchezo mwingine ambapo maji yanawazungusha watu namna hii.

Sasa kazi. Kwa muda wako, mita 200 ni mapigo 55 hadi 60. Hamsini za mwisho ni kama mapigo 15. Usijiambie "nisianguke", mwili hauna kazi ya kufanya na neno hilo. Upe mkono hesabu. Ukifika 150 anza kuhesabu kwa sauti, ndiyo, kwa sauti, tano, tano, tano. Kwenye tano ya kwanza wazo lako liwe kidole gumba cha mkono wa juu tu: kimelegea au kimebana? Tano ya pili, goti. Tano ya tatu, piga kwa uwezo wako wote.

Jambo la pili: anguka. Tafuta siku ya maji mafu, yasiyovuta sana, mwenzako awe na mashua karibu, vaa jaketi la kuokolea, halafu jiangushe kulia mara kumi. Kwanza mtumbwi ukiwa umesimama, kisha ukienda. Mwili wako umeanguka mara moja tu katika mbio na umeifanya mara hiyo kuwa kubwa kama mlima. Uonyeshe mara nyingine kumi ambazo hakuna aliyetazama.

---

Mzee_wa_Ngalawa (Nungwi)

Mwanangu, mimi si wa mitumbwi ya mashindano. Ni mtu wa ngalawa, miaka arobaini na mbili nipo baharini. Nimesoma maelezo yako na ya bibi wa Kanada, naona mambo ni mazuri, lakini kuna kitu kimoja sikukisikia.

Mchujo ulikuwa saa ngapi?

---

Mwana_wa_Tudor

Shikamoo mzee. Ulikuwa saa nane mchana.

---

Mzee_wa_Ngalawa (Nungwi)

Marahaba mwanangu. Nilidhani hivyo.

Wewe unaingia majini saa kumi na moja na nusu alfajiri, unatoka saa moja na nusu. Miaka mitano. Saa hizo hata kusi imelala. Jua likipanda, nchi ikipata moto, upepo unaamka, na saa nane ndiyo unapiga kwa nguvu zake. Mbali na hivyo upepo wa mchana hauji mfululizo, unakuja kwa mafungu. Fungu, kisha shimo, kisha fungu. Wewe umeanguka kwenye shimo. Hukuanguka kwa sababu ya moyo, mwanangu. Umeanguka kwa sababu ulikuwa mgeni mahali pale kwa saa ile.

Shimo huonekana. Ukitazama maji upande wa joshini, upepo unakotoka, utaona pamekunjamana, pana giza, hapo ndipo penye upepo. Penye kung'aa ni shimo, linakufuata. Nahodha hutazama hatua ishirini mbele, hangoji upepo umguse shavu. Sijui kama kwenye mbio zenu za chini ya dakika mtu ana nafasi ya kutazama. Lakini kabla ya kuanza unayo nafasi. Kaa pale robo saa uhesabu: fungu moja hudumu pumzi ngapi, na shimo pumzi ngapi.

Jambo jingine. Sasa ni kaskazi. Upepo unatoka upande mwingine. Ukifanya mazoezi kwa kufuata njia ile ile ya mchujo, upepo utakupiga kushoto, upande wenye kafi, utajiona umepona. Geuza njia. Anzia mwisho uje mwanzo, ili upepo ukujie kulia kama siku ile.

Na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, usiingie peke yako, maji ya mkondo ule huvuta.

---

Fizio_Upanga (Dar es Salaam)

Dada, neno dogo kabla hujaanza kujiangusha. Mtu akianguka majini hunyosha mkono bila kufikiri, na bega lililokuwa na shida ya kano halipendi kunyoshwa kwa ghafla. Jipime kwanza nchi kavu: nyanyua mkono wa kushoto kando hadi juu ya kichwa. Ukipata maumivu katikati ya safari, hata kidogo, ahirisha zoezi hilo na urudi kwa aliyekutibu. Usipoumwa, jifunze kuanguka ukiwa umeshika kafi kwa mikono miwili karibu na kifua.

Pia huo mkono wa juu unaobana. Usidhani ni hofu peke yake. Baada ya miezi miwili ya kukaa, misuli inayoshika bapa la bega mgongoni huwa imelegea, na mkono wa chini ukikosa msingi, mkono wa juu huchukua kazi isiyo yake. Mpira wa kuvuta, seti tatu kila jioni, viwiko vikiwa vimebanwa ubavuni. Kinachosaidia wengi ni kuufanya kila siku bila kukosa, hata ule mwepesi.

---

Maji_ya_Jinja (Jinja, Uganda)

Dada yangu, salamu kutoka kwenye Nile. Mimi niko upande wa kayaki za mawimbi, mitindo huru. Kwetu kupinduka ni sehemu ya kazi, tunajigeuza na kuinuka bila kutoka kwenye chombo, kwa hiyo kuhusu hofu ya maji sina mengi.

Nataka nikuambie kuhusu kukaa na lengo. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali lilikamilika, na maporomoko ambayo wakubwa zetu walijifunzia yakafunikwa na maji yaliyotulia. Tukahamia chini zaidi. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunguliwa, maji yakapanda tena. Unaamka, wimbi ulilolijua jiwe kwa jiwe halipo. Umeme nchi inauhitaji, mimi mwenyewe nautumia kuandika hapa. Lakini nililia, sikufichi.

Kilichonisaidia ni kuacha kupanga mwaka. Nilipanga wiki. Jumatatu niliandika kwenye karatasi kitu kimoja, kwa mfano "kuingia wimbini kwa upande wa kulia", na wiki nzima sikujiuliza swali jingine. Wenzangu waliokuwa wameshaenda Ulaya kushindana walinipita kwa mengi, na nikiwafuatilia kwenye simu usiku nilikuwa naamka nimechoka. Niliiacha simu kwa dada yangu saa mbili usiku, ananirudishia asubuhi. Jaribu. Mpe mama yako.

---

Mwana_wa_Tudor

Nimerudi, ni wiki tatu sasa. Samahanini kwa kukawia, na asanteni sana.

Video niliitazama. Sikuwahi kuitazama, Da Kafi, uliona mbali. Nilimwomba mdogo wangu wa kiume akae nami tukaiendesha pole pole, tukahesabu. Nimeanguka mpigo wa 49. Lakini mpigo wa 46 na wa 47 kichwa changu kimegeuka kulia. Namtazama yule dada aliyekuwa mbele, alikuwa njia ya upande huo. Mpigo wa 48 mkono wa juu unashuka kuvuka kifua kwa sababu kichwa kimeutoa mahali pake, na ndipo upepo unakatika. Miezi sita nimeapa ulikuwa upepo tu. Mzee, shimo lilikuwepo, linaonekana kabisa kwenye maji, linang'aa kama ulivyosema. Ila lilinikuta nimegeuza shingo.

Nilikaa nikalia kidogo, halafu nikasikia njaa. Sikuwa nimesikia njaa ya kweli siku nyingi.

Dukani nimeomba kubadilishana zamu siku mbili kwa wiki, naingia kazini saa kumi jioni hadi kufunga. Siku hizo nashuka majini saa nane. Mara ya kwanza sikupiga kafi, nilikaa tu ukingoni na kuhesabu pumzi. Fungu pumzi tisa hadi kumi na mbili, shimo pumzi tatu au nne. Mara ya pili nikaingia, njia nimeigeuza ili kaskazi inipige kulia. Ilikuwa vigumu mno, mtumbwi ulikuwa kama si wangu. Muda sekunde 58, na sikujali.

Bega nimelipima kama kaka wa Upanga alivyosema, haliumi. Ndipo nikaanza kujiangusha. Siku ile ya kwanza niliomba baba anifuate na mtumbwi wake. Hakuuliza kwa nini. Alikaa na kafi lake mapajani akinitazama naanguka, nakamata mtumbwi, namwaga maji, napanda, naanguka. Baada ya mara ya nne alisema tu, "Mguu wa mbele unauvuta mapema." Na ni kweli! Miaka minane hajawahi kuniambia neno juu ya mchezo huu, nilidhani haoni.

Simu namwachia mama saa mbili usiku. Siku ya tatu aliniuliza kama ile video imo humo. Nikamwambia imo. Akaniomba nimwonyeshe. Tuliitazama pamoja, nikamwonyesha mpigo wa 46, na kichwa. Akasema, "Kumbe ulikuwa wa pili." Hakuwa amejua. Miezi yote hiyo alidhani nilianguka nikiwa nyuma ya wote, ndiyo maana hakutaka kuniuliza.

Jana asubuhi, maji matulivu, 53.6. Kidole gumba kililegea hadi mpigo wa 52 hivi, kisha kikabana tena. Juzi mchana, kwenye upepo, 56.1 na sikuanguka.

---

Kafi_Banook (Dartmouth, Kanada)

Nimesoma mara mbili. Msalimie baba, mwambie aliyesema neno moja kuhusu mguu ameona kitu ambacho mimi nisingekiona kwa video.

Niambie, katika kujiangusha huko umeanguka mara ngapi bila kukusudia?

---

Mwana_wa_Tudor

Mara sita. Nne kulia, mbili kushoto. Katika hizo mbili za kushoto kafi liliniokoa mara moja nikadhani nimepona, kisha nikaanguka polepole kabisa. Kesho maji yanajaa saa tisa, baba amesema atakuja tena.